Umeandikiwa antibayotiki? Ielewe hiyo 1x3 kabla hujameza cha kwanza

Kila siku nikiwa dirishani naona kitu kile kile. Mtu anapokea bahasha ya dawa, anaitupia jicho ile 1x3 niliyoandika kwa peni, anasema sawa nimeelewa, anaisokomeza mfukoni anaondoka, na nikimuita kabla hajavuka mtaro nikamuuliza utakunywa saa ngapi na saa ngapi, ananijibu "si asubuhi mchana jioni dada yangu". Natoa dawa huku Mbagala mwaka wa tisa sasa na hilo jibu bado linaniuma, maana naona dawa nzuri inaenda kunywewa vibaya, na wiki ijayo huyo huyo atarudi kusema zile dawa zilikuwa feki.

1x3 sio asubuhi mchana jioni. Ni kimoja kila baada ya masaa 8. 1x2 ni kila masaa 12, 1x4 ni kila masaa 6, 2x3 ni viwili viwili kila masaa 8, 1x1 ni kimoja kwa siku, saa ile ile kila siku. Namba ya kwanza ni vidonge vingapi, ya pili ni mara ngapi ndani ya masaa 24, na masaa 24 yana usiku ndani yake.

Hebu piga hesabu ya asubuhi mchana jioni ya mtu wa kawaida. Chai saa 2 asubuhi, chakula cha mchana saa 7, cha usiku saa 1. Kutoka cha asubuhi mpaka cha mchana ni masaa 5, mchana mpaka usiku masaa 6, alafu kutoka hiyo saa 1 usiku mpaka saa 2 asubuhi ya kesho yake ni masaa 13 hujaweka kitu. Amoksilini haikai mwilini, figo zinaitoa haraka sana na mkojo, kwahiyo mchana umezirundika karibu karibu na usiku kucha umewaachia bakteria uwanja, wale waliokuwa wamelegea wanapata nafasi ya kuzaliana tena na asubuhi unaanza nao upya.

Ratiba inayokaa vizuri na maisha ya watu wengi kwa 1x3 ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Huamki usiku wa manane, hulali mapema kupita kiasi. Ukipitiliza nusu saa au saa moja haina shida, usijitese, ila usiache ikawa masaa matano huku na kumi na tatu kule. Kwa 1x2 chagua saa 1 asubuhi na saa 1 usiku au saa 2 kwa saa 2, yoyote unayoweza kuishika. 1x4 ndo ngumu kidogo, saa 12, saa 6, saa 12, saa 6, na hapo ya usiku ni lazima uamke au uchelewe kulala, kama unajua hutaweza mwambie daktari kabla hajamaliza kuandika maana mara nyingi kuna dawa nyingine ya 1x2 inayofanya kazi hiyo hiyo. Weka alamu kwenye simu ukiwa bado umesimama dukani, sio ukifika nyumbani, nyumbani kuna mambo mengi.

Azithromaisini yenyewe ina tabia tofauti, inajikusanya kwenye nyama za mwili na kubaki siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, ndo maana wengi wanapewa 1x1 siku 3 tu. Watu wanakuja kulalamika wamepunjwa dozi. Hujapunjwa.

Usiondoke dirishani na vidonge visivyo na jina

Kabla hujatoka hakikisha unajua jina la dawa, inatibu nini kwako, unakunywa kwa siku ngapi, na inakwenda na chakula au bila chakula. Kama imetolewa kwenye kopo na kuwekwa kwenye bahasha, mwambie mtoa dawa aandike jina na nguvu yake kwa miligramu juu ya bahasha. Kama iko kwenye lile karatasi lake gumu la kubonyeza omba upewe nalo, usikubali vidonge vibonyezwe vyote, kule nyuma kuna jina na tarehe ya kuisha muda. Hii sio kumsumbua mtu, ni kazi yetu, na siku ukizidiwa usiku ukakimbizwa hospitali daktari wa kule atauliza swali moja tu, amekunywa nini, na "vile vya rangi mbili" sio jibu maana vidonge vya rangi mbili viko vingi mno.

Na uliza inatibu nini kweli. Mafua, kikohozi cha kawaida, koo linalowasha na makamasi, mengi ya haya ni virusi na antibayotiki haiui virusi. Malaria ni kimelea kingine kabisa, mseto (ile dawa ya malaria) sio antibayotiki na antibayotiki sio mseto. Mtoto anayeharisha maji maji bila damu anachohitaji kwanza ni ORS na zinki, sio Flagyl, ingawa najua huku mtaani tumbo likinguruma tu mtu anatumwa dukani kununua Flagyl. Na kama umeambiwa una taifodi kwa kile kipimo cha damu cha Widal peke yake, muulize daktari kama kuna uwezekano wa kuotesha damu, yani kuiweka maabara waone kama kuna bakteria wanaokua, hicho kipimo kinakosea sana. Hivyo hivyo kwa UTI inayojirudia rudia, badala ya kubadilishiwa antibayotiki ya nne omba mkojo uoteshwe ijulikane bakteria ni yupi na dawa gani inamuweza.

Aleji: swali ambalo watu wanalijibu haraka haraka

Hapa naomba nikae kidogo.

Mama yangu mzazi Fansidar ilimtoa vipele mwili mzima na kumvimbisha midomo, hiyo ni miaka ile ambayo SP, ndo hiyo hiyo Fansidar, ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania, kuanzia 2001 mpaka 2006 mseto ukaja kuchukua nafasi yake. Akapona, akasahau. Miaka ikapita, akapata shida ya mkojo, akaandikiwa Septrin mahali fulani. Aliulizwa una aleji na dawa yoyote ya antibayotiki, akasema hapana, na kwa akili yake alikuwa mkweli kabisa maana Fansidar ni ya malaria, inahusiana nini na mkojo. Sasa Fansidar, Metakelfin na Septrin zote zina salfa ndani yake. Siku ya sita macho yakawa mekundu, mdomo ukajaa vidonda hawezi kumeza hata mate, ngozi ya kifuani ikaanza kutoa malengelenge na kuchubuka. Alilazwa zaidi ya wiki mbili. Namshukuru Mungu tunaye mpaka leo ila nilimuona mama yangu akichubuka kama mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto na ile picha haijanitoka.

Kwahiyo ukiulizwa kuhusu aleji usifikirie antibayotiki tu. Fikiria dawa YOYOTE iliyowahi kukuwasha, kukutoa vipele, kukuvimbisha au kukubana kifua, ya malaria, ya maumivu, sindano ya utotoni, taja yote hata kama ni ya miaka ishirini iliyopita, muache mwenye fani aamue kama inahusika. Na zile za jamii ya penisilini ni familia kubwa, amoksilini ni penisilini, Ampiclox ni penisilini, Augmentin ni penisilini, sindano ya PPF ni penisilini, kama mmoja wa hiyo familia aliwahi kukufanyia vibaya usiguse ndugu zake mpaka uongee na daktari. Kumbuka wajawazito bado wanapewa SP kliniki kuzuia malaria, kama ilikusumbua ulipokuwa na mimba ya kwanza sema hata kama sasa umekuja kwa jambo lingine kabisa. Mama yangu anatembea na kikaratasi kwenye pochi, kimeandikwa SALFA HAPANA na majina ya hizo dawa tatu chini yake. Wewe andika kwenye simu na mwambie mtu mmoja unayeishi naye.

Kuna mengine ya kusema hata usipoulizwa. Una mimba au siku zako zimechelewa, unanyonyesha, una shida ya figo au ini. Na dawa zingine unazotumia. Mgonjwa wa sukari anayekunywa glibenklamaidi akiongezewa Septrin au sipro (siprofloksasini), sukari inaweza kushuka ghafla mpaka akazimia. Mwenye pumu anayekunywa vidonge vya aminofilini asianze sipro wala erithromaisini kimya kimya, aminofilini inapanda kwenye damu na inaleta degedege na moyo kwenda mbio. Anayekunywa wafarini ya kuzuia damu kuganda, antibayotiki nyingi zinaipandisha mpaka mtu anavuja damu. Anayetumia Septrin kila siku kama kinga kutoka CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, aseme, asije akapewa nyingine juu yake. Na dawa za mitishamba pia zitaje, hakuna wa kukugombeza, mimi mwenyewe nyumbani mwarobaini upo.

Wadada wananiuliza sana kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango. Antibayotiki hizi za kawaida haziviharibu, isipokuwa ukitapika au kuharisha sana ndo kidonge hakikai. Inayoviharibu kweli ni rifampisini ya TB, na hiyo inagusa mpaka kijiti, ongea na kliniki.

Unameza na nini

Maji. Glasi nzima ya maji, sio funda moja, sio soda, na hasa sio chai ya maziwa.

Hii ya maziwa ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Siprofloksasini na doksi (doksisaiklini) zikikutana na madini ya kalsiamu, chuma, zinki au magnezia tumboni zinashikana nayo na hazipiti kuingia kwenye damu vizuri, yani umemeza, umelipia, na sehemu ya dawa imetoka na haja kubwa. Maziwa, mtindi, chai ya maziwa, uji wa maziwa, vidonge vya kuongeza damu, dawa za kiungulia za kutafuna au za maji maji, zinki, vitamini zenye madini, vyote viko kwenye hilo kundi. Sipro imeze masaa 2 kabla ya hivyo vitu au masaa 6 baada yake. Chakula cha kawaida, ugali na mboga au wali maharage, hakina shida. Na sipro inafanya kahawa ikae mwilini muda mrefu, ukiona moyo unadunda na usingizi hauji punguza kahawa na energy drink mpaka umalize.

Doksi ina jambo lake lingine. Imeze ukiwa umekaa wima au umesimama, glasi nzima ya maji, na usilale kabla ya nusu saa kupita. Kuna kijana wa bodaboda alimeza doksi na funda moja la maji saa 5 usiku akajitupa kitandani, kidonge kikakwama kwenye koromeo na kulichoma, asubuhi anakuja kwangu ameshika kifua anadhani ni moyo. Wiki nzima alikuwa anameza uji kwa machozi. Pia doksi inafanya ngozi iungue na jua kirahisi, wanaoshinda juani wavae mikono mirefu na kofia. Na haifai kwa mjamzito, kwa watoto wadogo inaharibu rangi ya meno.

Ampiclox na flukloksasilini tumbo liwe tupu, saa moja kabla ya kula au masaa mawili baada ya kula. Augmentin kinyume chake, imeze unapoanza kula, inapunguza kuvurugika kwa tumbo. Amoksilini haichagui. Vidonge vya Flagyl baada ya kula, na usishtuke mdomo ukiwa na ladha ya chuma au mkojo ukiwa wa kahawia, vinaisha. Septrin kunywa maji mengi siku nzima.

Pombe. Ukiwa kwenye Flagyl usinywe pombe kabisa na usinywe mpaka masaa 48 yapite tangu kidonge cha mwisho, kwa tinidazo ni masaa 72. Wapo wanaopata kutapika, uso kuwaka, kichwa kupasuka na moyo kwenda mbio. Usiruke kidonge ili unywe kwenye sherehe, ruka pombe, sherehe zitakuwepo. Angalia na dawa za kikohozi, zingine zina alkoholi ndani, imeandikwa kwenye chupa.

Dawa ya mtoto ya maji

Mama zangu na baba zangu hapa tusome taratibu.

Ile chupa unapewa ikiwa na unga. Kama unaweza omba ichanganywe pale pale dukani. Ukichanganya mwenyewe, chemsha maji, yaache yapoe kabisa, gonga gonga chupa unga uachie chini, weka maji nusu, tikisa, subiri povu litulie, alafu ongeza maji mpaka kwenye mstari au mshale, tikisa tena. Ukipitisha mstari dawa imekuwa nyepesi, usipofika imekuwa kali. Andika tarehe uliyochanganya juu ya chupa. Amoksilini nyingi baada ya kuchanganywa ni siku 7 basi, zingine lebo inasema tofauti, fuata lebo yako, ikipita mwaga hata kama imebaki nusu chupa. Ya maji ya Augmentin lazima ikae kwenye friji. Kama nyumbani hamna friji SEMA kabla hujanunua, kuna amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha, unaweka kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama, inayeyuka, mtoto anakunywa, haihitaji friji wala kuchanganya chupa. Kwa wengi wetu huku uswahilini hiyo ndo bora kuliko ya chupa.

Kila unapompa tikisa chupa kwanza, dawa inatuama chini, usipotikisa siku za mwanzo mtoto anakunywa maji na siku za mwisho anakunywa dawa yote kwa pamoja. Pima kwa kile kifuniko chenye mistari au kwa sirinji isiyo na sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani, kijiko cha chai cha kwangu sio cha kwako.

Alafu hili limewahi kunitoa jasho dirishani: chupa moja imeandikwa 125 mg kwa 5 ml, nyingine 250 mg kwa 5 ml, jina moja, boksi zinafanana. Mama alizoea kumpa mwanae mils 5 za ile ya kwanza, safari hii kapewa ya pili, akienda kumpa mils 5 zile zile amempa mara mbili. Soma namba kwenye chupa kila ukinunua mpya. Na dozi ya mtoto inatoka kwenye uzito wake, beba kadi ya kliniki, usimpe dozi ya mtoto wa jirani eti wana umri mmoja, na usikate kidonge cha mkubwa kwa kukisia.

Akitapika ndani ya nusu saa tangu umpe, kwa kawaida anarudishiwa. Ikiwa imepita zaidi ya hapo subiri muda wake unaofuata, na akitapika kila mara mrudishe hospitali, huenda anahitaji sindano.

Umesahau, au umeanza kujisikia vibaya

Ukisahau kidonge meza pale ulipokumbuka, isipokuwa kama muda wa kinachofuata umekaribia. Kwa 1x3 mimi nawaambia watu hivi, kama umechelewa chini ya masaa 4 meza, kama yamezidi acha hicho, endelea na kinachofuata. Usimeze viwili kufidia. Kamwe.

Kichefuchefu kidogo, choo kulainika, fangasi ukeni au utando mweupe mdomoni, haya yanatokea, uliza yana msaada, usiache dawa kimya kimya. Ila kuna mambo ambayo hayasubiri kesho. Midomo, ulimi au uso kuvimba, kupumua kwa shida, kifua kubana, mwili kuwasha na mabaka yaliyoinuka ghafla, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, hapo usimeze kingine, chukua bodaboda, bajaji, gari ya jirani, chochote, nenda hospitali na hiyo bahasha mkononi, inaweza kutokea ndani ya dakika chache. Vidonda mdomoni, macho mekundu, ngozi kutoa malengelenge kama ya mama yangu, hata kama ni siku ya kumi, acha dawa nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kuharisha maji mengi bila kukoma au kuharisha damu, hata wiki kadhaa baada ya kumaliza dozi, nenda, na usinunue dawa ya kuzuia kuharisha kabla hujaonwa. Na ukiwa kwenye sipro ukasikia maumivu nyuma ya kisigino au kwenye bega usilazimishe kutembea wala kubeba mizigo, simamisha umuone daktari, dawa hii huweza kuumiza kano mpaka ikakatika, hasa kwa wenye zaidi ya miaka 60 na wanaotumia dawa za steroidi.

Mfungo

Mwezi wa Ramadhani nawaona watu wazima wa heshima kabisa wanakunywa 1x3 yote kati ya futari na daku, vidonge vitatu ndani ya masaa kama kumi, alafu masaa kumi na nne hakuna. Mwambie daktari mapema kwamba umefunga au unataka kufunga, zipo dawa za 1x1 na 1x2 zinazoingia vizuri kwenye futari na daku. Ikiwa ugonjwa wako hauna dawa ya namna hiyo, mgonjwa ana ruhusa ndani ya Qur'an yenyewe, atalipa siku zingine, muulize sheikh wako hilo na daktari hili.

Dozi nusu

Hapa ndo penye kilio changu. "Dada nipe za elfu moja kwanza." Naelewa. Nakaa na nyie, najua hela inavyopatikana. Lakini ukinunua za siku mbili za dozi ya siku tano unaua wale bakteria dhaifu na kuwaacha wagumu waliobaki wazaliane, na hao ndo utawaambukiza mtoto na bibi ndani ya nyumba. Alexander Fleming aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya hichi hichi, kwamba mtu atajinywea kidogo kidogo na kuwafundisha vijidudu kuizoea dawa. Badala ya kununua nusu, niambie una shilingi ngapi. Mara nyingi kuna dawa ile ile ya kampuni nyingine kwa bei ya chini sana, jina la boksi tofauti lakini ndani ni kitu kimoja, au tunampigia aliyekuandikia tumuulize kama kuna mbadala wa bei nafuu. Mtoa dawa anayekuuzia nusu bila kukwambia neno hajakusaidia.

Siku ngapi ni uamuzi wa daktari, kuna ya siku 3, ya 5, ya 7, TB ni miezi 6. Ukipata nafuu siku ya pili bado una siku zilizobaki, na ukimaliza pia usijiongezee siku mbili za "kukata mizizi". Usimpe jirani vilivyobaki, usifungue kapsuli kumwagia unga kwenye kidonda, unga ule haukutengenezwa kwa kidonda na unaweza kukuletea aleji mbaya. Vilivyobaki kwa sababu daktari alibadilisha dawa virudishe dukani au hospitali, usitupe chooni wala jalalani wanapochezea watoto. Na dawa isikae juu ya friji, dirishani au kwenye gari, kwa joto la Dar inaharibika, iweke kabatini pakavu mbali na jiko na mbali na mikono ya watoto.

Zikipita siku 2 au 3 unakunywa kwa masaa yake na homa iko pale pale au unazidi kuwa mbaya, usiongeze vidonge na usinunue nyingine yenye "nguvu zaidi" kwa ushauri wa mtu wa mtaani. Rudi kwa aliyekuandikia. Ukipita kwangu kwanza njoo na bahasha yenyewe na vidonge vilivyobaki, tuvihesabu pamoja.